Kamituga: Njia ya kijana mwenye anataka kuwa mwalimu wa shule ya msingi

Kila mwaka, wakati matokeo ya mtihani wa Leta yanatoka, mitaa ya Kamituga inabadilika rangi. Vijana wanamwagiwa unga mweupe kichwani, mama wanapiga vigelegele, pikipiki zinapita na honi bila kunyamaza. Kati ya hao wenye kucheza njiani, kuna wenye wamemaliza seksio ya pedagojia. Ni vijana wa miaka 18 au 19. Mwezi wa Septemba, baadhi yao watasimama mbele ya klasi ya kwanza, mbele ya watoto 80 au zaidi, na mzazi atamwacha mtoto wake pale akisema: "Mwalimu, huyu mtoto ni wako."

Je, kijana huyo amefundishwa nini mpaka tumkabidhi mtoto? Na akiisha kupata diploma, nini kinamngojea? Makala hii inaeleza njia hiyo hatua kwa hatua, tangu siku ya kuchagua seksio mpaka siku ya mshahara wa kwanza, ambayo kwa wengi inachelewa sana.

Kazi inachaguliwa mapema

Katika Kongo, mwalimu wa shule ya msingi anafundishwa ndani ya sekondari yenyewe. Mtoto anasoma miaka 6 ya primeri. Baadaye anasoma miaka 2 ya mwisho ya elimu ya msingi, yaani mwaka wa saba na wa nane. Kisha anaingia humanite, ambayo ni miaka 4. Hapo ndipo anachagua: pedagojia, sayansi, biashara, ushonaji, ufundi na kadhalika. Mwenye kuchagua pedagojia, akimaliza na kushinda mtihani wa Leta, anaitwa D6, yaani mwenye diploma ya Leta ya miaka 6 ya sekondari. Hiyo D6 ndiyo cheo cha kawaida cha mwalimu wa primeri.

Wazee wa kazi wanakumbuka vyeo vingine. Kulikuwa D4, mwalimu mwenye miaka 4 tu baada ya primeri. Kabla yao kulikuwa wale waliofundisha wakiwa na masomo madogo zaidi, wenye wakoloni Wabelgiji waliita "moniteurs", wengi wakitoka katika shule za misioni. Kwa kipimo hicho, D6 ni hatua mbele. Lakini tukitazama majirani tunaona tofauti. Tanzania, kwa miaka mingi mwalimu wa msingi alimaliza kwanza kidato cha nne, kisha akaenda chuo cha ualimu miaka 2. Kenya, tangu 2021, vyuo vya ualimu wa msingi vinatoa diploma ya miaka 3, na mtu anaingia baada ya kumaliza sekondari. Rwanda wanafanana na sisi kidogo: kijana anasomea ualimu ndani ya sekondari ya juu, miaka 3, katika shule maalumu zinazoitwa TTC.

Maana yake nini kwa mzazi wa Kamituga? Maana yake ni kwamba mtoto wake wa miaka 14 au 15, akiingia mwaka wa kwanza wa humanite ya pedagojia, ameingia chuo cha kazi. Wengi hawajui hivyo. Wanaandikisha mtoto pale kwa sababu shule iko karibu na nyumba, ao kwa sababu malipo yake ni ndogo, ao kwa sababu ya lile neno baya lenye linazunguka mitaani: "Pedagojia ni ya wenye hawakuweza hesabu." Neno hilo linaharibu kazi mara mbili. Linamfukuza mtoto mwenye akili na mwenye kupenda kufundisha, na linamleta mwenye hana hamu.

Miaka 4 inafundisha nini

Mwanafunzi wa pedagojia anasoma masomo ya kawaida kama wengine: Kifaransa, hesabu, historia, jiografia, biolojia, fizikia, kemia, elimu ya uraia. Hana saa nyingi za hesabu kama mtu wa seksio ya hesabu na fizikia, lakini hakuachiliwa. Mwalimu wa primeri anafundisha masomo yote peke yake tangu asubuhi. Kwa hiyo anapaswa kujua kidogo kuhusu kila kitu, hata kuchora, kuimba na kazi za mikono.

Juu ya hayo kunaongezwa masomo ya kazi yenyewe. Pedagojia inaeleza malezi na elimu ni nini, na imetoka wapi. Saikolojia inaeleza namna mtoto anavyokua: kwa nini wa miaka 6 hawezi kukaa kimya saa nzima, kwa nini wa miaka 12 anaanza kubisha. Didaktiki inaeleza namna ya kufundisha, kwanza kwa ujumla, kisha somo kwa somo: namna ya kufundisha kusoma, kuhesabu, kupima, kuandika imla.

Kanuni moja inarudi kila siku katika madaftari yao: anzia kwenye kitu mtoto anajua, umpeleke kwenye kitu hajui. Anzia kwenye kitu anaona na kushika, kisha picha, mwisho kwenye alama za ubaoni. Kwa Kamituga, kanuni hiyo ina utajiri mkubwa. Mtoto wa hapa ameona mizani ya mnunuzi wa dhahabu kabla ya kusikia neno gramu katika kitabu. Ameona mama twangaise akitwanga mawe mpaka yawe unga. Anajua ndoo, bidoni, sambaza na mihogo ya sokoni. Mwalimu mwenye kujua kazi hatalia kwamba hana vifaa. Atatafuta mawe madogo, vifuniko vya chupa, punje za mahindi, vijiti. Hivyo vyote ni vifaa vya kufundishia, na havilipiwi hata franga moja.

Fishi, staji na maneno makali

Kitu chenye kinatofautisha seksio ya pedagojia na zingine ni mazoezi ya kufundisha. Yanaanza kwa kutazama. Mwanafunzi anaenda katika klasi ya primeri, anakaa nyuma, anaandika: mwalimu ameanza vipi, ameuliza nini, watoto wamejibu nini, wangapi walilala. Shule nyingi za pedagojia zina shule ya msingi kando yake, ya kufanyia mazoezi hayo. Zingine zinatuma wanafunzi katika shule za jirani.

Baadaye inakuja zamu yake. Kabla ya kufundisha anaandaa fishi ya matayarisho. Karatasi hiyo ni kama sheria. Juu anaandika tarehe, klasi, somo, kichwa cha somo na vifaa. Chini yake anaandika lengo: mwisho wa somo, mtoto ataweza kufanya nini? Si kusema "ataelewa", kwa sababu hakuna mtu anaweza kuona kuelewa. Anapaswa kuandika kitendo chenye kinaonekana: atahesabu, atasoma kwa sauti, atachora, atataja.

Kisha zinafuata hatua. Tuchukue mfano wa somo la kutoa katika klasi ya pili: 12 toa 5.

Kwanza ni kukumbusha. Mwalimu anauliza hesabu ndogo za jana: 9 toa 4, 10 toa 3. Anaona nani amesahau.

Pili ni kuamsha hamu. Anasema: "Mama amenunua ndizi 12, watoto wamekula 5. Zimebaki ngapi?" Anangoja. Hajibu mwenyewe.

Tatu, anatangaza somo la leo na kuliandika ubaoni.

Nne ni kazi yenyewe. Kila mtoto ana mawe 12 juu ya meza. Wanaondoa 5 na kuhesabu yaliyobaki. Kisha wanachora miduara 12 na kukata 5. Mwishoni wanaandika kwa tarakimu: 12 - 5 = 7. Mawe, picha, tarakimu, kwa utaratibu huo.

Tano ni kukusanya: watoto wenyewe wanasema walichojifunza, mwalimu anaandika kwa kifupi.

Sita ni zoezi, kila mmoja katika daftari lake. Mwalimu anapita katikati ya mabenchi na kusahihisha.

Mwenye kusoma hapa anaweza kusema ni kitu rahisi. Kijana mwenye kusimama mbele mara ya kwanza anajua si rahisi. Chaki inavunjika mkononi. Anasahau hatua ya pili, anaruka kwenye ya nne. Anauliza swali na kulijibu mwenyewe kwa woga. Dakika 30 zinaisha akiwa bado kwenye mawe.

Baada ya watoto kutoka inakuja kritike. Wenzake wanakaa pamoja na mwalimu wa didaktiki. Wanaanza na mazuri: sauti ilisikika, ubao ulikuwa safi, vifaa vilifaa. Kisha mabaya: aliwaita wavulana wa mbele tu, wasichana wa nyuma hawakuguswa, aliandika kosa ubaoni, aligeuzia watoto mgongo muda mrefu. Mwenye kufundisha anasikiliza, anaandika, anajibu kwa heshima. Wengi wanasema hapo ndipo walijifunza kazi kuliko mahali pengine pote.

Mwaka wa mwisho unakuja na staji, ambako mwanafunzi anakabidhiwa klasi siku nyingi mfululizo, chini ya macho ya mwalimu mwenye klasi. Anajifunza pia karatasi zingine za kazi: jurnali ya klasi, mpango wa masomo ya mwaka, rejista ya kuita majina, daftari la maksi.

Lakini kuna shida yenye haifichiki. Mazoezi yanahitaji wakati na watu. Kama klasi ya mwaka wa nne ina wanafunzi 60, kila mmoja atafundisha masomo machache tu mbele ya mwalimu wa didaktiki. Kisha kuna shida ya pili: walimu wa didaktiki wenyewe. Wengi wametoka chuo kikuu ao taasisi ya juu ya pedagojia, ISP, na baadhi yao hawajawahi kushika klasi ya kwanza ya primeri hata mwaka mmoja. Wanajua vitabu vizuri, lakini kelele za watoto 90 hawazijui.

Mtihani wa Leta

Mwisho wa miaka 4 ni mtihani wa Leta, wenye watu wanaita Exetat. Ulianzishwa 1967 na mpaka leo ndio mlango wa kutokea sekondari katika nchi nzima. Kwanza kuna sehemu ya kabla, ambako mwanafunzi anaandika insha ya Kifaransa. Kwa watu wa pedagojia kuna pia jaribio la kazi: kufundisha somo mbele ya wahukumu. Kisha inakuja sesio ya kawaida, siku 4 za maswali ya kuchagua majibu: elimu ya jumla, masomo ya seksio, sayansi na lugha. Kupita ni kuanzia asilimia 50.

Hapa mzazi anapaswa kuelewa jambo moja. Kuchagua jibu sahihi kwenye karatasi hakuonyeshi kama mtu anaweza kutuliza klasi ao kumsaidia mtoto mwenye anasoma "ba" kama "da". Kijana anaweza kupata asilimia 65 na kuwa mwalimu dhaifu. Mwingine anaweza kupata 52 na watoto wakampenda na kujua kusoma kabla ya Pasaka. Ndiyo maana staji ina uzito kuliko watu wanavyofikiri, na mwenye kununua maksi za staji kwa kuku ao kwa bahasha anajiibia mwenyewe.

Lugha gani mbele ya mtoto?

Kongo ina lugha 4 za taifa: Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inaruhusu mtoto afundishwe kwa lugha ya taifa ao lugha ya mahali pake, na programu ya primeri inataka miaka ya kwanza ianze na lugha mtoto anaelewa, Kifaransa kikiingia polepole. Kwa mashariki lugha hiyo ni Kiswahili. Vitabu vya kusoma kwa Kiswahili vilitolewa kwa ajili ya klasi za chini.

Kwa mwalimu kijana, hapo kuna mtego. Miaka 4 alisoma didaktiki kwa Kifaransa. Fishi zake ziliandikwa kwa Kifaransa. Maneno kama "silabi", "sentensi", "irabu" aliyajua kwa Kifaransa tu. Leo anapaswa kufundisha kusoma kwa Kiswahili, na Kiswahili cha kitabu si kile cha nyumbani. Kitabu kinasema "ndiyo maana", mtoto anasema "njo maana". Kitabu kinasema "watoto", nyumbani wanasema "batoto". Na katika vijiji vya Urega, njiani kuelekea Kitutu ao Lugushwa, mtoto mwingine anafika shuleni na Kilega peke yake.

Mwalimu mwenye hekima hamcheki mtoto. Anapokea neno la nyumbani, kisha anaonyesha lile la kitabu, bila kumtia haya. Ile kanuni ya kutoka kinachojulikana kwenda kisichojulikana inafaa hapa kuliko mahali pengine. Wazazi wengine wanalalamika: "Mtoto anaenda ku masomo juu ya kujua Kifaransa, na nyinyi munamufundisha Kiswahili?" Jibu la walimu wenye uzoefu ni moja: mtoto mwenye kujua kusoma katika lugha anaelewa, atahamisha ujuzi huo katika Kifaransa. Mwenye kuimba silabi za Kifaransa bila kuelewa atafika klasi ya nne akikariri kama kasuku.

Diploma mkononi, matrikili bado

Sasa tuseme binti wa mtaa amepita. Ana cheti cha kufaulu, kwa sababu diploma yenyewe inaweza kuchelewa kutoka Kinshasa. Afanye nini?

Kwanza anapaswa kujua nani anaongoza shule. Tangu makubaliano ya 1977 kati ya Leta na makanisa, shule nyingi za serikali zinaongozwa na dini: Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu, na baadaye Waislamu. Jimboni mwetu watu wanazijua vizuri shule za parokia na zile za jumuiya kama CEPAC na CELPA. Kila moja ina kordinasio yake. Kuna pia shule zenye Leta inaongoza moja kwa moja, na kuna za watu binafsi. Barua ya kuomba kazi inaenda kwa mkubwa wa mtandao huo. Akikubaliwa, anapewa barua ya kupangwa, anaripoti kwa direkta, na karatasi ya kuanza kazi inatiwa sahihi.

Kuanza kazi si kuanza kulipwa. Faili lake linapaswa kupita sous-division, kisha huduma yenye kuhesabu na kulipa walimu. Zamani iliitwa SECOPE, leo ni DINACOPE. Kule ndiko mwalimu anapewa namba ya matrikili na kuingizwa kwenye listi ya malipo. Mpaka hapo, anafundisha bila mshahara wa Leta. Watu wanamwita "NU", kifupi cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya "kipya". Wapo "vipya" wenye wamezeeka katika jina hilo, miaka na miaka klasini bila franga ya serikali.

Walikuwa wanaishi vipi? Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, wakati migomo ilifunga shule na mshahara haukuwa na maana tena, wazazi walianza kutoa prime kwa walimu. Kitu cha muda kikawa desturi ya karibu miaka 30. Mwezi wa Septemba 2019 serikali ilitangaza elimu ya msingi bila malipo katika shule za Leta, jinsi Katiba ya 2006 ilivyoandika katika kipengele cha 43. Watoto wenye walikuwa nyumbani kwa ukosefu wa makuta walirudi, na hiyo ni faida kubwa. Lakini prime ilikatazwa, klasi zilijaa, na mwalimu mwenye hakuwa na matrikili alipoteza hata kile kidogo cha wazazi. Wengine waliingizwa kwenye listi baadaye, wengine wanangoja bado.

Hata wenye kulipwa hawajatulia. Septemba 2024, mwaka wa masomo ulianza na mgomo katika majimbo mengi. Kati ya madai ya walimu kulikuwa mshahara wa dola 500 kwa mwezi. Kisha Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa AFC/M23, mabenki ya mji yalifunga, na walimu wa jimbo wenye kupokea mshahara kupitia banki walijikuta katika shida mpya. Kwa mtu wa Kamituga, Bukavu iko karibu kilomita 180 kwa barabara ya taifa namba 2, na wakati wa mvua lori linaweza kulala njiani siku nyingi. Safari ya kufuata faili ao mshahara inaweza kula sehemu kubwa ya mshahara wenyewe.

Dhahabu iko karibu

Hapa hatuwezi kusema juu ya ualimu bila kusema juu ya shimo. Kamituga ilijengwa juu ya dhahabu. Kampuni ya MGL, baadaye SOMINKI, ilichimba hapa miaka mingi. Kampuni ilipokufa, wachimbaji wa mikono wakabaki. Mwalimu anapita kila asubuhi mbele ya watu wenye wanaweza kupata kwa siku moja kile yeye anangoja mwezi mzima. Wengine wanafundisha asubuhi na kushuka shimoni mchana. Wengine wanaacha kabisa. Walimu wanawake wanauza sokoni.

Lakini shimo lina hesabu yake. Tarehe 11 Septemba 2020, mvua kubwa ilijaza maji mashimo ya uwanja wa Detroit, hapa Kamituga, na watu wapatao 50 walikufa, wengi wakiwa vijana. Mtu anaweza kupata na kupoteza siku ileile. Na mtoto mwenye anaona mwalimu wake shimoni anajifunza pia somo, hata kama halikuandikwa kwenye fishi.

Kwa sababu hiyo, mwalimu wa mji wa madini ana kazi yenye programu ya humanite haisemi sana. Anapaswa kujua kwa nini mtoto fulani hakuja siku tatu, na kwenda nyumbani kwake kuuliza. Anapaswa kuzungumza na mama mwenye anamhitaji mtoto abebe mchanga. Anapaswa pia kujua afya. Ni hapa Kamituga aina mpya ya ugonjwa wa mpox ilitambuliwa, baada ya wagonjwa kuanza kuonekana Septemba 2023. Mara nyingi mwalimu ndiye mtu mzima wa kwanza kuona vipele kwenye mkono wa mtoto, kwa sababu yeye ndiye anaangalia mkono huo ukiandika.

Kujifunza hakuishi

Mwalimu mzuri hatengenezwi siku ya diploma. Miaka ya kwanza ya kazi inamtengeneza. Shuleni kuna mikutano ya walimu yenye kuitwa cellule de base: mmoja anafundisha somo, wengine wanatazama, kisha wanazungumza, kama ile kritike ya zamani. Mahali direkta anaiheshimu, walimu vijana wanakua haraka. Mahali inabaki kwenye karatasi ya ripoti, kila mmoja anazama peke yake. Inspekta naye anapita, ijapokuwa barabara na usalama vinapunguza safari zake.

Mwenye kutaka kupanda anaweza kwenda ISP, kama ile ya Bukavu. Lakini ajue: ISP inatayarisha hasa walimu wa sekondari. Mwenye kwenda kule mara nyingi harudi tena klasi ya kwanza. Hivi primeri inapoteza watu wake wazuri kila mwaka, kwa sababu kupanda kwa elimu kunamaanisha kuacha watoto wadogo.

Kabla ya kuandikisha mtoto pedagojia

Mzazi na kijana wanaweza kujiuliza maswali machache.

Je, kijana mwenyewe anapenda kukaa na watoto? Mtazame nyumbani na wadogo zake. Mwenye kuwapigia kelele tu atateseka, na watateseka naye.

Je, shule hiyo ina klasi za primeri za kufanyia mazoezi, na kila mwanafunzi anafundisha mara ngapi kwa mwaka? Prefe mwenye kuheshimu kazi hatakasirika kuulizwa.

Je, walimu wa didaktiki wako, ao saa zao zinajazwa na mwenye somo lingine?

Je, familia iko tayari kumsaidia mwaka mmoja ao zaidi baada ya diploma, kabla ya matrikili? Afadhali kusema ukweli huo mapema kuliko kulia baadaye.

Na akiisha kupangwa kazini, atunze nakala ya kila karatasi: cheti, barua ya kupangwa, karatasi ya kuanza kazi. Faili zinapotea njiani, na mwenye hana nakala anaanza upya.

Wenye kuwa na watoto shuleni nao wana sehemu yao. Prime imekatazwa, lakini kumsalimia mwalimu, kufika kwenye mkutano wa wazazi, kumletea mtoto daftari na kumwachisha kazi ya shimo saa za masomo, hayo hayajakatazwa. Binti wa miaka 19 mwenye kusimama Septemba mbele ya watoto 80 na mawe 12 juu ya kila meza anafanya kazi ngumu kuliko mji mzima unavyofikiri. Kama wale watoto watajua kusoma mwisho wa mwaka, itakuwa sababu yeye alijifunza kazi vizuri, na sababu watu wazima hawakumwacha peke yake.